Hewa ya Kisimani

Kazi ya kwanza ya Mama Pacha kila asubuhi ilikuwa kuchungulia kisima. Kabla hajawasha moto, kabla hajawaamsha wanawe wa kike waende shule, alitoka uani, akainua mfuniko wa mbao na kutazama chini. Kisha alishusha ndoo. Alisikiliza kamba ikitembea. Mwaka ule kamba ilitembea sana kabla ndoo haijagusa maji.

Mumewe alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Dobi, hata mama yake mzazi. Uani kwao kulikuwa na mabeseni makubwa, kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, na kibanda cha kupigia pasi. Mama Pacha alifua na kusuuza. Dobi alipiga pasi. Mdogo wake Dobi, ambaye waliishi naye, alichota maji na kuwapelekea wateja nguo zao. Huyo walimwita Chuma. Alibeba ndoo mbili zilizojaa pomoni huku akipiga mluzi, wala maji hayakumwagika.

Kisima hicho kilikuwa uti wa mgongo wa nyumba. Alikichimba baba yao Dobi na Chuma. Sehemu ya juu ilijengwa kwa matofali. Chini ilikuwa udongo mgumu, wenye vishimo ubavuni vya kukanyagia mtu anaposhuka.

Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili mfululizo. Mto uliokuwa ukigawa mji sehemu mbili sasa watu waliuvuka bila kuvua viatu. Bwawa la kulisha mabomba lilikuwa limekauka kingo. Gari la idara ya maji lilipita na kipaza sauti likitangaza mgao: bomba lingetoa maji mara moja kwa juma. Mara nyingine hata siku hiyo ilipofika, bomba lilikohoa tu, likatema kutu, likanyamaza.

Siku moja Mama Pacha alianua shuka za nyumba ya wageni. Zilikuwa shuka nyeupe. Alipozikunjua juani, akaona zimeshika rangi ya tope.

"Njoo uone," alimwita mumewe.

Dobi alitoka kibandani na pasi mkononi. Alizitazama shuka, akatikisa kichwa.

"Hizi siwezi kuzipeleka. Watatucheka. Mtu amekupa nguo umfulie, wewe unamrudishia chafu!"

"Nimezisuuza mara mbili. Maji yenyewe ndiyo tope."

Chuma alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alisema, "Kaka, kisima hiki kimejaa udongo chini. Maji yapo. Tukishuka tukachimba kidogo tu, tutayapata."

"Fundi wa visima ametuambia tungoje zamu yetu," alisema Mama Pacha.

"Shemeji, zamu gani? Mji mzima unamgoja fundi mmoja. Mpaka atufikie, tutakuwa tunafua kwa mate."

Dobi alicheka kidogo. Lakini jioni nyumba ya wageni ilituma mtu kuzifuata shuka zake. Yule mtu alizichukua zile shuka jinsi zilivyo, akaondoka bila kuaga. Hapo Dobi alikata shauri.

"Kesho tunashuka," alisema.

Kulipopambazuka, waliazima pampu ya petroli. Walitaka kwanza kuyanyonya maji ya tope yaliyokuwa chini, ndipo mtu aweze kuchimba. Waliiweka pampu kando ya kisima, wakaiwasha. Ikanguruma, lakini haikuvuta kitu. Maji yalikuwa mbali mno chini.

"Tuisogeze karibu na maji," alisema Chuma.

Walishusha mbao mbili, wakazikaza ubavuni mwa kisima, katikati ya kina chake. Juu ya mbao hizo wakaiketisha pampu. Chuma ndiye aliyeshuka kuiwasha, kisha akapanda haraka. Pampu ilinguruma kutoka ndani ya ardhi. Tope likatoka kwa wingi kwenye mpira wa pampu na kumwagika barabarani. Moshi mweusi ukapanda hadi mdomoni mwa kisima.

Waliiacha ifanye kazi mpaka mpira ukaanza kupiga chafya na kutoa hewa. Chuma akashuka tena kuizima. Alipopanda alikuwa akijipangusa jasho.

"Moshi huo!" alisema. "Ngoja upungue kidogo."

Walikunywa chai. Dobi alichungulia kisimani. "Umekwisha," alisema. "Naona mpaka chini."

Chuma alichukua jembe dogo. Mama Pacha akamzuia.

"Hushuki mpaka chini hivihivi. Ngoja nikufunge kamba."

"Shemeji, unanifunga kama mbuzi?"

"Mbuzi au si mbuzi, ukiteleza nitajibu nini kwa mama mkwe?"

Aliipitisha kamba nene chini ya kwapa zake, akaikaza. Aliogopa tu kwamba angeanguka. Hakujua kitu kingine cha kuogopa. Dobi alishika ncha ya kamba. Chuma akaanza kushuka, akikanyaga vishimo kimoja baada ya kingine. Alipita kwenye upenyo kando ya pampu, akafika chini.

"Vipi huko?" aliuliza Dobi.

"Kuna harufu ya petroli," sauti ya Chuma ilipanda. "Lakini pako sawa. Tope laini!"

Walimsikia akichimba. Ndoo ya kwanza ya udongo ilipanda. Mama Pacha akaimwaga na kuirudisha.

"Kichwa kinanigonga," Chuma alisema.

"Panda upumzike," alisema Mama Pacha.

"Ndoo hii moja tu."

Jembe likagonga tena. Kisha likaacha.

"Kaka," Chuma aliita. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelewa. "Mbona miguu yangu..."

Hakumaliza.

Mama Pacha alilala kifudifudi mdomoni mwa kisima, akamulika kwa tochi. Chuma hakuwa ameteleza. Wala hakuwa ameangukiwa na kitu. Alikuwa ameketi kwenye tope, mgongo ukutani. Kichwa chake kiliinama polepole mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Chuma!" Dobi alipiga kelele. "Chuma, we!"

Kichwa hakikuinuka.

Dobi aliiachia kamba, akaweka mguu wake kwenye kishimo cha kwanza. Mama Pacha aliruka, akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Usishuke!"

"Niache! Ndugu yangu anakufa!"

"Hakuanguka, baba. Hakuna kilichompiga. Kuna kitu huko chini ambacho hatukioni. Kilichomchukua yeye kitakuchukua na wewe!"

"Niache, nimesema!"

"Sikuachi! Kamba si hii hapa? Vuta! Vuta, tumtoe!"

Dobi alimtazama mkewe kama mtu aliyezinduka usingizini. Kisha akatoa mguu wake kisimani, akaidaka kamba. Wakavuta. Mama Pacha aliita majirani kwa sauti yake yote. Fundi baiskeli wa nyumba ya pili alikuja mbio, mikono yake imejaa grisi, na mkewe nyuma yake. Fundi baiskeli akashika kamba. Mkewe alipoona mambo yalivyo, hakuuliza. Alikimbilia zahanati, maana alijua fundi wa visima yuko huko akichimba kisima cha zahanati.

Kamba ilipanda, kisha ikagoma.

"Amekwama!" alisema fundi baiskeli.

Mama Pacha alilala tena chini, akamulika. Bega la Chuma lilikuwa limenasa chini ya mbao za pampu.

"Legezeni," alisema. "Legezeni kidogo. Basi! Sasa vuteni polepole. Polepole, jamani. Amepita! Vuteni!"

Chuma alitoka kisimani akiwa kama gunia lililolowa. Midomo yake ilikuwa imelegea. Walimlaza papo hapo, kando ya kisima. Dobi alimpiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi, jina ambalo watu hawakulitumia tena.

Fundi wa visima akaingia mbio. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili mkavu, kofia yake imejaa vumbi.

"Mtoeni hapo!" alisema. "Mbali na kisima. Mpelekeni penye upepo."

Walimbeba mpaka mlangoni mwa ua. Fundi alimlegeza nguo, akaweka sikio karibu na pua yake. Kisha akamwinua kidevu, akaibana pua yake, akampulizia pumzi mdomoni. Kifua cha Chuma kikainuka, kikashuka. Fundi akapuliza tena, na tena. Uani watu walikuwa wamejaa, lakini alisikika yeye tu.

Chuma akakohoa.

Hakufumbua macho, lakini alikuwa akipumua mwenyewe. Walimpakia kwenye gari la zahanati, lililokuwa limemleta fundi, na kumkimbiza hospitali. Fundi alibaki nyuma. Aliufunika mdomo wa kisima, akasimama juu ya mfuniko.

"Mtu asikiguse kisima hiki," aliwaambia majirani.

Hospitalini Chuma aliwekewa hewa ya oksijeni kwa barakoa. Daktari aliwaambia kwamba gesi ya injini ilikuwa imeingia kwenye damu yake na kuinyima hewa safi. "Mmemtoa kwa wakati," alisema. "Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Chuma alizinduka. Alimtambua kaka yake, akamtambua shemeji yake. Lakini alirudi nyumbani akiwa si yule. Maneno yalimjia taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati la giza. Kichwa kilimuuma. Alisahau alikoweka viatu, alisahau ameambiwa nini. Ndoo moja ilimtoa jasho. Mluzi haukusikika tena uani. Daktari alisema huenda angepona kabisa, huenda ingechukua muda mrefu. Hakuahidi.

Fundi wa visima alikuja kumjulia hali. Walikaa kwenye benchi, karibu na mabeseni makavu. Dobi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Fundi," alisema, "mimi nilichungulia mwenyewe. Moshi ulikuwa umekwisha. Niliona mpaka chini."

"Ulichoona kimekwisha ni moshi mweusi tu," alijibu fundi. "Huo una nafuu, unauona, unakimbia. Injini inatoa na gesi nyingine. Haina rangi, haina harufu. Hiyo ndiyo inayoua. Nje, upepo unaichukua. Kisimani haina pa kwenda, inabaki palepale. Unaivuta, kichwa kinauma, miguu inalegea. Ukitaka kupanda, mwili haukusikii tena."

"Kwa hiyo pampu tungeiacha juu?" aliuliza Mama Pacha.

"Injini ya petroli au dizeli haiingii kisimani hata siku moja, mama. Hata juu, isikae karibu na mdomo wa kisima. Gesi yake inaweza kuteremka ndani. Lakini msidhani ni injini tu. Visima vingine vina hewa mbaya vyenyewe, inatoka ardhini. Hasa kisima kirefu, au kilichofunikwa muda mrefu. Na kipindi hiki cha ukame ndicho kibaya zaidi. Maji yanashuka, kila mtu anataka kuyafuata. Watu wanashuka mahali ambapo hawajawahi kushuka."

"Nimesikia watu wanashusha taa," alisema Dobi. "Ikizimika, hawashuki."

"Ni kweli wanafanya hivyo. Ikizimika, umejua pana hatari. Isipozimika, hujajua kitu. Ile gesi ya injini haizimi taa. Na kuna gesi nyingine ikikutana na moto inalipuka. Taa si kipimo." Fundi alitoa mfukoni kifaa kidogo, kama redio ya mkononi. "Kipimo ni hiki. Ninakishusha kwa kamba kabla ya mtu kushuka. Hewa ikiwa mbaya, kinalia."

Mama Pacha alikitazama. Kisha akauliza swali lililokuwa likimkaa moyoni tangu siku ile.

"Na kama mtu ameshaanguka?"

"Usimfuate," alisema fundi. "Ita watu, ita zimamoto. Kama ana kamba, mvute. Kama hana, usimfuate bila hewa ya kupumua na kamba yako. Nimewahi kuitwa mahali nikakuta watatu chini, wote wa nyumba moja. Wa kwanza alikufa kwa kazi. Waliomfuata walikufa kwa kumpenda."

Dobi aligeuka, akamtazama mkewe. Mama Pacha alimshika mkono, akaukaza.

Safari hii walingoja zamu yao. Walinunua maji ya mkokoteni na kupunguza kazi. Mama Pacha alijifunza kuyatumia maji mpaka yachoke. Maji ya kusuuzia mwisho aliyaweka, akafulia nguo za kesho. Yale machafu ya mwisho kabisa yalimwagwa chooni. Aliwaambia wateja kazi itachelewa, lakini itakuwa safi. Wengine waliondoka. Wengine walingoja.

Zamu yao ilipofika, fundi alikuja na vijana wake wawili. Aliiondoa pampu pamoja na zile mbao mbili kwa kuzivuta kutoka juu kwa ndoano. Alileta mashine ya kupuliza hewa, inayotumia umeme, yenye mpira mrefu uliofika mpaka chini. Ilipuliza hewa safi kisimani asubuhi nzima. Kisha akashusha kile kifaa: juu, katikati, chini. Kilinyamaza kote. Ndipo kijana wake akavaa mkanda wenye kamba, iliyopita kwenye kapi lililoning'inia kwenye nguzo tatu za chuma. Mpulizo wa hewa haukuzimwa hata mara moja wakati mtu yuko chini. Kifaa kilishuka naye, kimefungwa kifuani. Mwenzake aliyesimama juu hakuondoka mdomoni mwa kisima, hata alipoitiwa chai.

"Chai itanisubiri," alisema. "Huyu hawezi kunisubiri."

Walichimba, wakateremsha pete za zege ili udongo usibomoke. Maji yakaja. Yalikuja polepole, yakatulia, yakawa meupe. Fundi alitia dawa ya klorini ili kukisafisha kisima, akawaambia wasiyatumie maji mpaka dawa ifanye kazi yake. "Na ya kunywa mchemshe," alisema. "Maji mazuri kwa macho yanaweza kuwa na magonjwa."

Kabla hajaondoka alisema neno jingine. "Maji haya si ya ua wenu peke yake. Huko chini yanatembea. Mkiyavuta mchana kutwa, jirani atakauka." Basi Dobi akaongea na majirani. Wakapanga zamu za kuchota, asubuhi na jioni, na katikati kisima kiliachwa kipumzike. Fundi baiskeli na mkewe nao walichota hapo.

Ukame haukuisha upesi. Mawingu yalikuja, yakazunguka, yakaenda zao.

Siku moja Chuma alirudi kutoka kupeleka nguo. Alikuwa akitembea haraka, jambo ambalo hakulifanya siku hizo. Alisimama mbele ya shemeji yake, akafungua mdomo. Mama Pacha alinyamaza kumpa nafasi, maana alijua ukimharakisha maneno yanapotea.

"Kwa mama muuza mkaa," alisema Chuma. "Wamefunua... kile kisima cha zamani. Mwanawe anashuka."

Mama Pacha aliliacha beseni hapo hapo. Walitoka wote wawili. Njiani alimpigia simu fundi.

Uani kwa muuza mkaa watu walikuwa wamezunguka shimo. Mfuniko wa zege, ulioziba kisima hicho kwa miaka, ulikuwa umesukumwa kando. Mtoto wa muuza mkaa alikuwa kifua wazi, shati lake limetupwa juu ya gunia. Jembe lilikuwa begani.

"Usishuke, mwanangu," alisema Mama Pacha akihema. "Hewa ya humo haijapimwa."

"Tumepima, mama. Tumeshusha taa, haikuzimika."

"Mliishusha mpaka chini?"

Kijana alisita. "Mpaka kamba ilipoishia."

"Basi hamjui cha chini."

"Lakini kwenu ulikuwa moshi wa injini. Hapa hakuna injini."

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema wanawake wa mtaa huu wana hofu nyingi. Mama muuza mkaa alimtazama mwanawe, akamtazama Mama Pacha, hakujua amsikilize nani. Madebe yake matupu yalikuwa yamepangwa ukutani.

Chuma alisogea mbele. Watu wakampisha. Wote walimjua alivyokuwa zamani.

"Mimi," alisema, akatulia. "Mimi kichwa kiliniuma kidogo. Nilidhani... nimechoka tu." Aliyatafuta maneno. "Nilitaka kupanda. Nilijua nitapanda. Mwili ukakataa."

Kijana alitua jembe chini, lakini hakuondoka pale shimoni.

Fundi alifika kwa baiskeli. Hakuhubiri. Alikifunga kifaa chake kwenye kamba, akaanza kukishusha. Juu, kilinyamaza. Kijana akamtazama Mama Pacha kama anayesema, unaona? Katikati, kilinyamaza. Kamba iliendelea kuteremka, ikapita pale taa ilipoishia, ikateremka tena.

Kifaa kikalia.

Kilikuwa na sauti nyembamba, kali. Ilipanda kutoka gizani na kujaa uani, haikukoma. Fundi alikivuta kifaa juu, kikanyamaza. Akakishusha tena ili kila mtu asikie. Kikalia tena.

"Chini hakuna hewa ya kumtosha mtu," alisema. "Angefika, asingepanda. Kifunikeni. Nitakuja na mashine ya kupuliza."

Mama muuza mkaa aliketi chini, akafunika uso kwa khanga yake. Mwanawe aliliendea gunia, akaokota shati lake, akalivaa. Alifunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.